Mkalimani wa Rola za Ngozi

Felisita hakuamini kwamba binti yake anajua Kichina mpaka siku alipomsikia akigombana kwa Kichina. Kusalimia, alisema, si kujua lugha. Kuhesabu nako si kujua. Lakini mtu akibishana juu ya nati, akakatazwa, akakataa, akakatazwa tena, na mwenye lugha yake mwishowe akacheka na kumpa spana kubwa zaidi, basi huyo lugha imemwingia.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa tisini na tisa, kwenye kinu cha kuchambua pamba pale Bariadi. Zamani kinu hicho kilikuwa cha chama cha ushirika. Chama kilipoishiwa nguvu kikafungwa, popo wakahamia, mbuzi wa watu wakawa wanalala ghalani. Kisha ukaja wakati wa soko huria. Kila mwenye uwezo akaruhusiwa kununua pamba, na Gharib, mtoto wa yule mzee wa duka la vitenge na mafuta ya taa karibu na stendi, akakinunua kinu na kuagiza mashine mpya kutoka China. Mashine zikaja na fundi mmoja. Kiswahili hajui, Kisukuma hajui, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu.

Aliitwa Shen. Wafanyakazi walimwita Mihayo, yaani maneno, kwa sababu aliongea tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyemwelewa.

Hakuna, ila Milembe, binti wa Felisita.

Milembe alipomaliza kidato cha sita alipata nafasi ya kwenda China kusomea uhandisi wa mitambo. Mwaka wa kwanza hakushika hata bisibisi. Lugha tupu, asubuhi lugha, mchana lugha. Akamwandikia mama yake: "Mama, nimerudi darasa la kwanza. Mwalimu anatuonyesha picha ya ng'ombe, nasi watu wazima tunaitikia kwa pamoja: ng'ombe!" Felisita aliisoma barua ile kwenye jumuiya, na wanawake wenzake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtoto wa Msukuma kapandishwa ndege kwenda kufundishwa ng'ombe! Walipomaliza kucheka walipiga magoti wakaanza kumsalia novena, sala ya siku tisa, maana mwaka uliofuata hesabu na michoro ya mashine vyote vingekuja kwa lugha hiyo hiyo.

Novena ilijibiwa. Mwaka wa tatu ulipokaribia kwisha, chuo kikawa kinatafutia wanafunzi mahali pa mafunzo kwa vitendo. Kiwanda kimoja kikaleta habari kwamba kinatuma fundi Afrika, kwenye mji ambao mwalimu aliutafuta kwenye ramani akauona kwa shida. Milembe akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nimezaliwa hapo."

Hivyo akarudi nyumbani na ovaroli ya bluu na karatasi moja ya chuo. Kwenye karatasi hiyo Shen alitakiwa aandike kwamba mwanafunzi amefanya kazi vizuri, aweke na sahihi. Bila sahihi ya Shen ufadhili ungekatwa, na miaka miwili iliyobaki Milembe angeisikia kwa wenzake. Felisita aliichukua karatasi ile akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na kila jioni akiifunua sala ya jioni aliiangalia ilivyo tupu.

Mchana yeye alipika chakula cha wafanyakazi chini ya mabati, ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango mkubwa wa kinu. Ugali, dagaa, maharage, na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akivichemsha na karanga. Shen aliipenda michembe kupita kiasi. Alikuwa akifika na sahani yake mwenyewe, anasema "Mama," kisha anaelekeza kidole kwenye sufuria. Neno hilo moja lilimtosha.

Kutoka pale Felisita aliona kila kitu. Aliziona mashine kumi zikifungwa moja moja. Aliziona rola za ngozi zikitolewa kwenye masanduku, ndefu kama mtu mzima, zimeshindiliwa vipande vya ngozi nene vilivyokatwa mviringo, safi, rangi ya mkate.

"Hizo ndizo roho ya mashine, mama," Milembe alimweleza siku hiyo akila. "Ngozi inakwaruza, inashika nyuzi, inazivuta zipite chini ya kisu. Mbegu haiwezi kupita, inabaki nyuma."

"Kama vidole vyangu ninapochambua pamba ya kutengenezea utambi."

"Kama vidole vyako kabisa."

Mashine zilipokwisha kufungwa, ikabidi Shen aende Mwanza kufuata mota iliyochelewa kwenye treni. Alikuwa huko siku tisa. Kabla ya kuondoka alimwita Mzee Nyanda, mtunza ghala, na Milembe akatafsiri: rola zikae ndani, juu ya mbao, jua lisizipige, mvua isiziguse. Mzee Nyanda, aliyekuwa pale tangu enzi za ushirika, aliitikia kwa kichwa kila neno. Milembe akaenda zake kusimamia zege la kukalia mota. Jumatatu yake alipopita ghalani alisikia harufu ya samli. Akasema moyoni, wazee leo wanakula vizuri. Akaendelea na zege.

Shen akarudi, mota ikafungwa, rola zikawekwa mahali pake. Jumatano wakajaribu. Gharib alikuja amevaa kanzu nyeupe, maana msimu ulikuwa ufunguliwe Jumatatu na wakulima walikwisha kutangaziwa. Wanawake wa kuchagua pamba, wale wa kutenga pamba safi na pamba fifi, waliacha kazi wakajipanga ukutani. Ng'washi, aliyekuwa mdogo kuliko wote kwa umri na wa kwanza kwa mdomo, akasema, "Gharib, hiyo kanzu leo itakuwa koti la pamba!"

Mota ikanguruma. Pamba ikamwagwa. Rola zikazunguka, zikazunguka, na pamba ikazunguka juu yake kama mtu anayecheza peke yake arusini. Haikushikwa. Mbegu zilizotoka zilitoka na manyoya yake yote, na nyuzi chache zilizopita chini ya kisu zilikuwa na madoa ya njano.

Shen alizima. Akaigusa ngozi. Akakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu aingie Bariadi.

Kisha akasema, naye Milembe akatafsiri kwa sauti ya chini: ngozi hii ni mbovu, kiwanda kimetuma ngozi mbovu. Ataandika barua leo hii. Kiwanda kitaleta nyingine bure, kwa meli, baada ya miezi mitatu. Pole kwa mwenye kinu. Na mwanafunzi asiogope, karatasi yake itasainiwa leo leo, kwa kuwa kosa si lake.

Felisita, aliyekuwa amevuka barabara akasimama mlangoni na mwiko mkononi, alisikia hiyo habari ya karatasi, moyo ukamruka kwa furaha, kisha ukatua vibaya. Alikuwa akimtazama Mzee Nyanda. Mzee alikuwa amevua kofia.

"Mbovu?" akasema Mzee Nyanda. "Ngozi nzuri vile? Mimi mwenyewe nimezihudumia."

Gharib akageuka. "Umezihudumiaje, mzee?"

"Upepo huu wa kiangazi mnauona. Ngozi ikikauka inapasuka, hata mtoto anayechunga ndama anajua. Nimezipaka samli. Siku saba, kila jioni, rola moja baada ya nyingine, mpaka zikang'aa. Kibuyu kizima kimekwisha."

Gharib akapaza sauti.

"Mzee Nyanda! Umepaka samli mashine zangu?"

"Samli safi, mwanangu. Si ile ya dukani kwako."

Ng'washi alicheka akajiziba mdomo na khanga, lakini wenzake walikuwa wameshaambukizwa. Gharib peke yake hakucheka. Alimsogelea Milembe, akasema haraka haraka, "Mdogo wangu, sikia. Usimwambie. Ngozi zimeshakufa, mzee hawezi kuzifufua. Akijua ni sisi, kiwanda hakitatupa nyingine bure. Wewe karatasi yako imepatikana. Mzee Nyanda hatafukuzwa, nakuapia. Nani ataumia?"

Shen alikuwa anatazama midomo yao. Akauliza kitu. Kilikuwa kifupi, na hata Felisita alielewa: anasema nini yule mzee?

Milembe akajibu. Maneno ya Mzee Nyanda yalikuwa marefu, ya Kichina yakatoka matatu au manne, tena akiyasema alishika ncha ya sikio lake. Felisita alimzaa mtoto yule, alimlea peke yake tangu marehemu Sylvester alipofariki, na alijua alishika sikio hivyo hivyo siku aliyokula sukari ya wageni akasingizia paka.

Akaweka mwiko chini, akaingia ukumbini na aproni yake.

"Milembe. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mzee anasikitika, mama."

"Basi?"

"Mama, haya ni mambo ya ufundi."

"Ufundi siujui. Uso wako naujua. Mwambie alivyosema Mzee Nyanda. Yote."

"Hatasaini, mama." Macho ya Milembe yalikuwa yamejaa machozi. "Nilisikia harufu ya samli, nikapita. Nikimwambia hilo hatasaini."

Felisita naye alitaka karatasi ile isainiwe kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani. Aliisalia kwa jina. Alijua kabisa wakati anafungua mdomo kwamba anaitupa.

"Asiposaini utakaa hapa tulime. Mtu yule hana masikio mengine katika nchi hii isipokuwa wewe. Hutarudi chuoni na Kichina cha uongo."

Gharib akawapisha.

Milembe alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akaenda ghalani, akarudi na kibuyu cha Mzee Nyanda. Akasimama mbele ya Shen. Akaanza kusema, akakwama. Baadaye aliwaambia watu kwamba chuoni alifundishwa majina ya aina nyingi za chuma, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha samli. Basi ikabidi aieleze. Akaonyesha ng'ombe kwa pembe za vidole. Akakamua hewa. Akakitikisa kibuyu begani kama mama zake wote walivyotikisa, na wanawake wa ukutani, hawajui linalosemwa, wakaanza kumwimbia wimbo wa kutikisa maziwa. Kisha akaonyesha moto, na kitu kinachochemka, na mkono wa Mzee Nyanda ukipaka, ukipaka, siku saba kwa vidole. Mwisho akajigusa pua yake mwenyewe, na hapo sauti yake ikapungua.

Shen alitia kidole kwenye kibuyu, akalamba. Akawaza. Akaenda kwenye mashine ya kwanza, akainama, na mbele ya watu wote akailamba rola.

"Ee Mungu wangu," akasema Ng'washi, "Mihayo anakula kiwanda."

Shen aliponyanyuka alimwaga maneno kana kwamba alikuwa ameyatunza siku zote tisa alizokuwa Mwanza. Milembe alisimama wima akatafsiri yote, hakuruka kitu. "Anasema mtu anayepaka mafuta kitu kinachotakiwa kukwaruza, huyo atalainisha na meno ya msumeno. Anasema kuhusu mimi: mwanafunzi wa uhandisi ana macho, ana masikio, ana pua, na pua ya huyu ilikwenda wapi Jumatatu ile? Anasema nilimdanganya mwanzo, nikasema mzee anasikitika tu. Anasema hilo limemuuma kuliko samli."

Akapumua. Shen akasema jambo jingine, taratibu, akiikwaruza ngozi kwa ukucha. Uso wa Milembe ukabadilika.

"Anasema kama ni mafuta, basi ngozi si mbovu! Ngozi ni nzima! Mama, ni nzima, imeshiba tu!"

Wakachukua kisu wakakata kipande pembeni. Samli ilikuwa imeingia kina cha ukucha, zaidi ya hapo ngozi kavu. Shen na Milembe walichuchumaa pale chini, vichwa vimegusana, wanachora kwenye vumbi. Chuoni, Milembe alisema, walifundishwa kwamba unga mkavu uliopashwa moto unanyonya mafuta. Shen alitaka unga wa chaki. Bariadi nzima chaki ya kutosha ingetoka wapi?

"Pumba haifai?" akauliza Ng'washi. "Kwenye mashine ya kusaga pale pumba ya mahindi inawashinda."

Shen alitafsiriwa, akaishika pumba, akaifikicha, akakubali.

Watu wa Bariadi bado wanaisimulia Alhamisi ile. Felisita aliacha kupika ugali akakaanga pumba, sufuria baada ya sufuria. Wanawake waliipaka pumba hiyo kwenye rola ingali moto, wakaifunga rola kwa magunia, wakaianika juani. Pumba ikitoka imelowa njano, inawekwa nyingine. Gharib, kanzu ameiacha nyumbani, alibeba viroba begani, na alipopita ukutani wanawake wakamuuliza kama kazi hii aliifundishwa dukani kwa baba yake. "Baba aliniambia niwaogope ninyi tu," akajibu, akarudi kubeba. Mzee Nyanda hakuondoka kwenye rola zake. Alikuwa akizinusa moja moja. Akisema "bado," hakuna aliyembishia, maana samli ile aliijua yeye.

Ijumaa na Jumamosi wakapiga msasa, kisha wakakata upya mifereji inayozunguka rola. Hapo Shen na Milembe walibishana tena. Shen alitaka mifereji iwe na kina kile kile cha zamani. Milembe alisema hapana, ngozi imeshapungua kwa msasa, tukizidisha itang'oka. Wakarushiana maneno mpaka wafanyakazi wakaacha kazi kuwatazama. Shen akapima, akapima tena, akachukua chombo cha kupimia akampa yeye. Wakafuata kina cha Milembe.

Jumapili Felisita hakugusa pumba. Alikwenda misa ya kwanza, akakaa benchi la mbele, akamwambia Mungu kwamba asiposaini yule mtu, yeye Felisita hatanung'unika, ila angependa asaini.

Jumatatu mikokoteni ya ng'ombe ilijipanga tangu alfajiri kutoka kinuni hadi barabara kubwa. Gharib alisema bismillahi, Felisita akafanya ishara ya msalaba, Mzee Nyanda akatema mate kidogo pembeni kama wazee wake, na Milembe akawasha.

Pamba ilishuka. Ngozi ikaikamata. Nyuzi zikapita chini ya kisu, zikatoka upande wa pili kama povu la maziwa, nyeupe, bila doa. Mzee Nyanda aliokota mbegu moja, akaiinua juani, akaigeuza huku na huku.

"Uchi kabisa," akatangaza. "Haina hata shati."

Vigelegele vilifunika mota. Wanawake waliingia katikati ya manyoya ya pamba wakacheza, Ng'washi akamvuta Shen mkono, na Shen akacheza kama mtu anayekanyaga siafu, kichwa chote cheupe.

Mchana Felisita alimpelekea karatasi pamoja na sahani ya michembe. Shen alisukuma sahani kando, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaandika. Aliandika upande wa mbele ukajaa, akageuza. Watu walizunguka.

"Soma," wakasema.

Milembe alisoma polepole. Kwamba mashine kumi zimefungwa na zinafanya kazi. Kwamba mwanafunzi anajua kupima kuliko anavyojua kunusa. Kwamba alikuwa na njia rahisi ya kuipata sahihi hii, akaiacha, baada ya kukumbushwa na mama yake. Kwamba lugha aliyojifunza ameitumia kusema jambo gumu, na hilo hapimwi mtu kwenye mtihani. Chuo kimrudishe darasani. Na ikifika likizo ya baridi, kiwanda kimpokee miezi miwili akajifunze kutengeneza rola zenyewe.

Chini kulikuwa na sahihi, na muhuri mwekundu.

Felisita aliitazama sahihi ile kwa muda. Hakuweza kusoma hata mstari mmoja. "Wabeja sana, baba," akamshukuru Shen kwa Kisukuma, akakunja magoti kama anavyosalimiwa mtu mzima, na Shen, bila kutafsiriwa, akainamisha kichwa.

Kisha Shen akasema ana ombi. Kila sanduku la rola litakalokuja Tanzania libandikwe maelezo ya Kiswahili, na maelezo ayaandike Milembe, sasa hivi, ili yeye Shen ayachukue atakaporudi China. Milembe akaketi juu ya robota la kwanza la pamba na daftari gotini. Akaandika: "Usipake mafuta."

"Haitoshi," akasema Mzee Nyanda. "Mimi ningeisoma hiyo ningesema wanakataza mafuta ya gari. Andika na samli."

"Na mafuta ya nazi," akasema Gharib, "kuna watu wa pwani."

"Na losheni," akasema Ng'washi.

"Guku, karatasi yenyewe ndogo!" Milembe akamlalamikia Mzee Nyanda, akimwita babu kwa Kisukuma.

"Basi andika kwa herufi ndogo. Andika: hata kama samli ni ya ng'ombe wako mwenyewe."

Shen akauliza wanasema nini. Milembe akamtafsiria yote, na ile ya losheni pia, na kabla hajamaliza Felisita alikuwa ameshavuka barabara kwenda kuutazama ugali wake, maana wakulima wa mikokoteni walikuwa na njaa.